Umeme Unaozidi Nyumbani Ni wa Nani?



Jangwani, Waisraeli waliokota mana ya kuwatosha kwa siku moja. Walioificha hadi asubuhi kwa pupa waliikuta imeingia funza. Habari hii, iliyo katika sura ya 16 ya kitabu cha Kutoka, tumezoea kuitafakari tunapozungumza juu ya mkate. Safari hii tunawaalika muitafakari tunapozungumza juu ya umeme.

Tazameni mapaa ya mji wetu, kutoka Golf na Bel-Air hadi Katuba na Ruashi. Paneli za jua zimeongezeka, kwa kuwa delestaji imewachosha watu. Asubuhi paneli hizo huanza kujaza betri zilizotumika usiku. Katika miezi ya kiangazi, mbingu ikiwa haina wingu, betri za nyumba yenye uwezo hujaa kabla jua halijaanza kushuka. Hapo kidhibiti hufunga mlango. Jua linaendelea kuwaka, lakini umeme ambao ungezalishwa haumfai tena mwenye nyumba wala jirani yake. Ng'ambo ya ukuta, mshonaji amekaa mikono mitupu mbele ya mashine yake, na mama muuza samaki anatazama barafu ikiyeyuka. Hiyo ndiyo mana ya mji wetu, nayo huoza kila siku mchana kweupe.

Msimamo wetu tunausema wazi. Umeme unaozidi nyumbani unastahili njia halali, salama na ya haki ya kumfikia jirani kwa nyaya za mtaa. Anayechelewesha njia hiyo anakosa. Anayesema kwamba kilichozidi kwake hakimhusu mtu mwingine anakosa pia. Na parokia inayong'aa ndani ya ukuta wake huku mtaa mzima umelala gizani haina haki ya kuwanyoshea wengine kidole.

Waya zilizopita juu ya vichwa

Katanga haikuumbwa kuwa nchi ya giza. Kituo cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira, kilianza kutoa umeme mwaka 1930. Katika miaka ya 1950 vituo vya Nzilo na Nseke viliongezwa kwenye mto Lualaba. Nguvu hiyo yote ilitafutwa kwanza kwa ajili ya shaba. Wakazi walipewa kilichobaki, na mara nyingi hakikubaki kitu.

Mwaka 1982 ulikamilika mstari mkubwa wa kutoka Inga hadi Kolwezi, wenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700. Ulivuka nusu ya nchi ili kuipelekea migodi umeme wa mto Kongo. Vijiji vilivyo chini yake viliona nguzo, vikasikia mvumo wa nyaya, vikabaki na vibatari vyao. Hata leo, ni Mkongo mmoja tu kati ya watano hivi anayefikiwa na umeme, na yule anayefikiwa hana hakika kama utakuwapo jioni. Shaba iliyotoka katika ardhi yetu imesokotwa kuwa nyaya za miji ya mbali, huku nyumba nyingi za Kenya na Kisanga zikipika kwa makala, na msitu unaouzunguka mji ukizidi kurudi nyuma.

Tunaikumbuka historia hii kwa sababu inafundisha jambo moja. Waya hupita pale ambapo mtu ameamua upite, na humwacha yule ambaye mtu ameamua kumwacha. Kama zamani uamuzi ulikuwa kuupitisha umeme juu ya vichwa vya maskini, leo tunaweza kuamua vingine. Ila tusipokuwa macho, tutarudia kosa lile lile kwa kipimo kidogo. Kila paa litakuwa Inga yake lenyewe, na jirani ndiye atakayekuwa kijiji kilichorukwa.

Kifungu ambacho hakuna sheria iliyokiandika

Sote tunakijua Kifungu cha 15. Hakimo katika katiba yoyote tunayoishi chini yake, lakini kinatiiwa kuliko sheria nyingi: kila mtu ajitafutie. Umeme ukikatika, mwenye nacho ananunua jenereta. Mafuta yakipanda bei, ananunua paneli. Asiye nacho anavuta waya kwa siri kutoka kwenye nguzo, au anakaa gizani. Wote wameitii sheria hiyo isiyoandikwa, na mtaa umepoteza.

Sheria iliyoandikwa ipo. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilivunja ukiritimba wa kampuni ya taifa, SNEL, katika sekta ya umeme. Imefungua mlango kwa wazalishaji wengine, ikamtambua anayejizalishia umeme kwa matumizi yake mwenyewe, ikaweka mamlaka ya kudhibiti sekta hiyo pamoja na wakala wa kupeleka umeme vijijini na pembezoni mwa miji. Miaka imepita tangu wakati huo. Hata hivyo katika mitaa yetu, kati ya ruhusa ya kujizalishia na njia ya kumpa mwenzako kilichozidi, pamebaki bonde. Familia ya kawaida yenye paneli haina mita inayosoma pande mbili, haijui bei ambayo ingelipwa, wala haijui ni dirisha gani la ofisi ingebisha.

Pasipo na njia halali, watu hutengeneza njia za vichochoro. Hapa ndipo suala la umeme linapokuwa suala la uhai na kifo.

Amri ya tano kwenye nguzo ya umeme

Vijana mnaosomea ufundi mnalijua jambo hili, lakini wenzenu wengi hawajalisikia. Transfoma ya mtaa hushusha umeme wa maelfu ya volti uwe volti 220 za nyumbani. Lakini transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Mtu akiwasha jenereta au inveta yake bila kujitenga kwanza na waya wa mtaa, umeme wake wa volti 220 unarudi kwenye transfoma na kutoka upande wa pili ukiwa maelfu ya volti. Fundi aliye juu ya nguzo, akiamini kwamba mstari umezimwa, anaushika kwa mikono yake.

Anayefanya hivyo hana nia ya kuua. Alitaka tu kutazama mpira au kupoza maji. Amri ya tano, hata hivyo, haituulizi kuhusu nia peke yake. Inatuuliza pia kama tulijali uhai wa mtu ambaye hatumwoni. Kujenga daraja bovu na kumwacha mwingine apite juu yake ni dhambi, hata kama mjenzi hakumjua mpita njia. Kwa sababu hiyo tunawasihi vijana wanaoitwa mitaani kufunga mitambo: msikubali kuunganisha nyumba yoyote isiyo na swichi ya kugeuzia, ile inayokata kabisa waya wa mtaa kabla ya kuruhusu chanzo kingine. Mteja akisema swichi hiyo ni ghali, mwambieni kwamba jeneza ni ghali zaidi.

Kuna wanaotumia hatari hii kama sababu ya kufunga mjadala. Wanasema: kwa kuwa ni hatari, nyumba zisiunganishwe kamwe. Tunawajibu kwamba hatari wanayoitaja imezaliwa na ukosefu wa kanuni. Inveta zilizotengenezwa kwa ajili ya kuunganishwa na gridi huifuata volti na mapigo ya gridi, ambayo kwetu ni 50 kwa sekunde, na gridi ikizimika nazo hujikata ndani ya muda mfupi sana. Zile zenye betri huweza kuendelea kuihudumia nyumba peke yake, mlango wa nje ukiwa umefungwa. Fundi wa nguzoni anabaki salama. Teknolojia hiyo imekwisha kuzoeleka duniani. Tunachokosa ni kanuni ya kuilazimisha, mkaguzi wa kuithibitisha na mita ya kuihesabu.

Kinachowezekana kwa mgodi

Tutaambiwa kwamba haya ni ya Ulaya. Basi tutazame hapa nyumbani. Kituo cha Mwadingusha kilipochakaa, ukarabati wake uligharimiwa na wawekezaji wa mgodi wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, kwa mapatano na SNEL. Mwaka 2021 mitambo iliyofufuliwa iliunganishwa tena na gridi, na fedha zilizokopeshwa hurudishwa kwa kupunguza ankara ya umeme wa mgodi. Mapatano hayo tunayaona kuwa na busara. Lakini tazameni kanuni iliyo ndani yake: mteja anayeiongezea gridi nguvu, ankara yake inapunguzwa. Kama kanuni hiyo ni njema kwa megawati makumi, inakuwaje ndoto kwa kilowati mbili za mjane wa Kamalondo? Mkubwa amepewa mkataba, mdogo ameambiwa asubiri.

Majirani zetu wameanza kutembea. Kenya iliandika katika sheria yake ya nishati ya mwaka 2019 haki ya mteja mwenye mtambo usiozidi megawati moja kuomba kuunganishwa na kuhesabiwa kile anachokitoa. Kanuni za utekelezaji zilitoka mwaka 2024, baada ya miaka mitano ya kungoja, nasi tujifunze kutoka kwao kwamba sheria bila kanuni ni mlango bila bawaba. Zambia nayo, iliyokaa gizani saa nyingi ukame wa 2024 ulipopunguza maji ya Kariba, imewafungulia njia wenye paneli. Na huko Goma, tangu mwaka 2020, mtambo wa jua wa kampuni ya Nuru wenye megawati 1.3 unahudumia mtaa kwa nyaya zake wenyewe, kwa mafundi Wakongo.

Vijana wa Chuo Kikuu hutuuliza pia juu ya seli za fueli. Hizo ni mitambo midogo inayokutanisha hidrojeni na oksijeni, ikatoa umeme, joto na maji bila moto. William Grove alionyesha kanuni yake mwaka 1839, na tangu 2009 familia za Japani zimekuwa zikinunua mitambo ya namna hiyo, ambayo hupata hidrojeni katika gesi ya mabomba na hufanya kazi bega kwa bega na gridi. Sisi hatuna mabomba ya gesi, na kwetu jua liko karibu zaidi kuliko hidrojeni. Lakini chanzo kiwe jua, kiwe kijito, kiwe seli ya kesho, swali la mlangoni ni lile lile: umeme wa nyumba utatoka vipi bila kuua, na utahesabiwa vipi bila kuibiwa? Tukilijibu leo kwa paneli, tutakuwa tumewajibia hata wale watakaokuja na mitambo tusiyoijua.

Wanaotupinga

Wa kwanza wanatupinga kwa Injili. Wanasema wanawali wenye busara hawakugawa mafuta yao. Ni kweli, lakini mfano ule unahusu kukesha, na hakuna anayeweza kumkeshea mwenzake. Tena mafuta yakigawanywa hupungua. Jua la mchana lililokosa betri halimpungukii mtu likipelekwa kwa jirani, na likizuiliwa halimwongezei mtu. Kulizuia ni kuangamiza tu.

Wa pili wanasema nyaya za mtaa ni mbovu, na umeme wenyewe haupo. Tutaunganisha nini na nini? Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Transfoma zimezidiwa, nguzo zimeinama, na inveta iliyotengenezwa kuifuata gridi haiwezi kufanya kazi gridi ikiwa imekufa. Kwa hiyo hatudai kila nyumba iunganishwe kesho. Tunadai tuanze pale ambapo kabini ya mtaa ni nzima, kwa idadi inayobebeka. Pale ambapo mstari haujawahi kufika au umekufa kabisa, majirani waruhusiwe kuunda mtandao wao mdogo kwa kufuata sheria, uliojengwa kwa vipimo vitakavyouwezesha kuungana na gridi siku itakapofika. Ubovu wa barabara haujawahi kuwa sababu ya kutoitengeneza.

Wa tatu wanasema mpango huu utawanufaisha matajiri. Mwenye paneli atalipwa, na maskini ndiye atakayebaki kulipia matengenezo ya nguzo. Hawa tunawaheshimu kuliko wote, kwa maana wanawatetea wadogo. Tunakubaliana nao kwamba mwenye paneli asilipwe bei ile ile anayouziwa umeme, kwa sababu nyaya zina gharama na kila anayezitumia sharti achangie. Bei ya kilichozidi iwe ya kadiri. Tena vituo vya afya, shule na pampu za maji za mtaa vitangulie kufaidi. Mpango ukipangwa hivyo, tajiri hanyang'anywi chake wala maskini habebeshwi mzigo wa tajiri. Usipopangwa, tajiri ataendelea kujitenga, atalipa ankara ndogo zaidi kila mwaka, na nguzo zitaachiwa maskini wasioweza kuzitunza. Hali ya sasa ndiyo inayowaumiza wale wanaotaka kuwatetea.

Kanisa lianze kwake

Mafundisho ya Kanisa hayakutuacha bila mwanga katika jambo hili. Papa Pius wa Kumi na Moja, mwaka 1931, alifundisha kwamba kile ambacho jumuiya ndogo inaweza kukitenda isipokonywe na iliyo kubwa, bali isaidiwe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikumbusha kwamba mali za dunia zimewekwa kwa ajili ya watu wote, na kwamba mwenye mali ni wakili. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 179, alivitaja vyama vya ushirika vinavyojizalishia nishati jadidifu, vikajitosheleza na hata kuuza kinachozidi. Hakuwa akizungumza juu ya ndoto. Tangu mwaka 2008 paa la Ukumbi wa Paulo wa Sita limefunikwa kwa paneli, na ukumbi usipotumika umeme wake huingia katika mtandao wa Vatikani. Mwaka 2024 aliagiza kuandaliwa mtambo wa jua huko Santa Maria di Galeria, nje ya Roma, ili uutosheleze mji huo wote.

Basi tujiulize bila kuogopana. Parokia zetu nyingi zina paneli. Nyumba ya mapadri ina taa, ofisi ina kompyuta, vipaza sauti havizimi wakati wa Misa. Tunamshukuru Mungu na wafadhili. Lakini kati ya Jumapili na Jumapili, umeme ule unakwenda wapi? Zahanati iliyo nyuma ya kanisa inamzalisha mama kwa tochi ya simu, na shule ya parokia inafunga vitabu jua linapotua. Tukimwomba waziri na mdhibiti wafungue njia, watatuuliza kama sisi tumefungua ya kwetu. Ndani ya kiwanja kimoja cha parokia hatungoji kanuni ya net yoyote ya taifa. Tunahitaji waya mzuri, swichi salama, fundi aliyefunzwa na moyo uliogeuka.

Mafundi hatuwakosi. Wasalesiani walifika mji huu mwaka 1911 na kuwafundisha vijana kazi za mikono, na hadi leo shule za ufundi na kitivo cha polytechnique cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi vinatoa vijana wanaojua kupima waya na kusoma mchoro. Wengi wao wanaketi bila kazi. Mtaa wenye giza na fundi asiye na kazi wanaishi kwenye barabara moja. Kuwakutanisha ni utume wa walei, na hasa utume wenu ninyi vijana.

Tunawaomba basi mambo matatu. Kila kikundi kifanye hesabu ya umeme wa parokia yake: unaozalishwa, unaotumika, unaopotea. Kila fundi kijana aape mbele ya wenzake kwamba hataunganisha nyumba kwa njia inayoweza kuua au kuiba. Na vikundi vyote, kwa kupitia baraza la walei, viandike kwa adabu na kwa uthabiti kwa mamlaka ya udhibiti na kwa kampuni ya taifa, vikidai mambo haya yaliyo wazi: vipimo vya inveta, ukaguzi wa bei nafuu, mita ya pande mbili, na bei ya haki kwa umeme wa nyumbani unaozidi. Barua moja inaweza kutupwa. Barua za parokia zote za jimbo kuu ni vigumu kuzitupa.

Waisraeli hawakuiumba mana, nasi hatukuliumba jua. Tulichopewa ni kuamua kama kilichozidi kitaoza au kitalisha.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Someni Kutoka 16, aya ya 13 hadi 21. Katika mtaa wenu, ni kitu gani kinaoza kwa mmoja huku mwingine akikihitaji?

2. Je, yupo katika kikundi chenu aliyewahi kuunganisha au kuunganishiwa umeme kwa njia isiyo salama? Mnaweza kumsaidiaje kurekebisha kabla mtu hajadhurika?

3. Umeme wa parokia yetu unawafikia akina nani, na unaishia kwenye ukuta gani?

4. Kama mngepewa nafasi ya kupanga bei ya umeme unaozidi, mngemtanguliza nani, na kwa sababu gani?